Ukuta Alioupima Fundi

Fundi amekufa. Habari nilizipata Jumanne asubuhi hapa Masasi, nimekaa barazani na ungo wa mchele mapajani, na aliyezileta ni dereva wa lori la korosho ambaye hata injini hakuizima. "Shikamoo mwalimu. Mtani wenu wa Makote hatunaye tena. Wanawangojea kwa mazishi kesho." Nikamwitikia marahaba, nikamshukuru, nikaendelea kuchagua mchele mpaka ungo ukaisha, na ulipokwisha nikagundua kuwa nimeutupa mchele na kubakiza chuya. Wasomaji wa safu hii mmenizoea. Nikimwandikia marehemu huwa namsifu, maana aliyekufa hawezi kujitetea, na mimi sikulelewa kumpiga aliyelala. Leo mtanivumilia. Marehemu huyu nilimpenda, nilimwamini, na alinisaliti. Si mimi peke yangu niliyesalitiwa, ila mimi ndiye mwenye kalamu.

Jina lake sitalitaja, kama ilivyo ada ya ukurasa huu, lakini watu wa Newala watamjua, na watu wa Masasi watamjua vilevile. Alikuwa fundi wa mawe. Karibu kila jengo la mawe lililosimama kati ya wilaya hizi mbili tangu kabla ya vita limepitiwa na mkono wake. Alikuwa mrefu, mkavu, mcheshi, na alikuwa na tabia moja ya ajabu: hakuweza kuuona ukuta asiugonge. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajaketi, atagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio, amefumba jicho moja. Kisha atakwambia, "Ukuta mzima," au atakwambia, "Ukuta huu una njaa," maana yake ndani mna uwazi. Watu walimwalika chakula ili aje agonge tu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo mimi na yeye hatukukutana hata siku moja bila kutukanana kwa heshima. Nilikuwa nikimwambia kwamba watu wa Makote huoga kwa umande, kwa kuwa huko juu maji ni ya kushuka kuyafuata bondeni. Naye hunijibu kwamba sisi wa bondeni tumelowa maji mpaka akili. Tukicheka hivyo, mke wake ananiletea chai, na mambo yanaendelea.

Tetemeko la kwanza lilikuja miaka michache baada ya vita kwisha, wakati wa kiangazi, saa za kutwanga. Mama yangu alikuwa uani kwake Lisekese, na mpaka leo husema kwamba kinu kilimtoroka. Mimi nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya wasichana ya bweni, nami sitataja ilikuwa wapi. Ubao uliniangukia mgongoni na vioo vya dirisha vikaimba. Hakufa mtu. Lakini hofu iliyoingia haikuwa ya mchezo. Wengine walisema ni mizimu, wengine walisema ni mwisho wa dunia, kanisa likajaa watu ambao mchungaji alikuwa hajawaona tangu siku ya harusi zao. Fundi peke yake hakuuliza ni nani aliyetikisa. Alipanda baiskeli yake akaanza kuzunguka kuangalia ni nini kilichotikisika.

Nataka mjue alivyofanya kazi, msije mkadhani nilimwamini kama kipofu. Kila penye ufa alisimama, akaugonga ukuta, akateremsha timazi yake kuona kama umeinama, kisha akatoa kipande cha makaa mfukoni na kuchora mstari mfupi pale ufa unapokomea, juu na chini. "Huu nimeufunga kamba," alikuwa akisema. "Ukivuka alama, ujue unatembea. Na ufa unaotembea una safari yake." Aliwaambia watu wasizicheke nyumba zao za miti na udongo, maana ardhi ikicheza nazo hucheza, bali ukuta wa mawe hauchezi, hujikaza tu mpaka uanguke. Aliwaambia washushe mitungi na masanduku yaliyotundikwa juu ya vitanda, wageuze milango ifunguke kwa nje. Wanawake wa Newala aliwahamisha njia yao ya maji, wasipite tena chini ya jabali lililokaa vibaya kwenye mteremko. Hata vijana waliokuwa wakishuka kwenda Mikindani kuuza mihogo aliwapa neno, alilosema amelipata kwa mabaharia alipokuwa akijenga ghala huko: ardhi ikitikisika mkiwa pwani, halafu mkaona maji yamerudi nyuma na samaki wanarukaruka mchangani, msiwaokote, kimbilieni juu, samaki wale ni chambo. Shuleni kwetu alitundika kipande cha reli, akatufundisha kwamba kikigongwa kwa haraka, wasichana wote watoke nje bila kuchukua kitu. Tulifanya mazoezi mpaka wakawa wanatoka kama nyuki. Mtu wa namna hiyo ungekosaje kumwamini?

Sasa, bweni la shule yetu alikuwa amelijenga yeye mwenyewe, kwa mawe na udongo, paa la mabati, na alilipenda kuliko majengo yake yote. Ukuta wake wa mwisho, ule uliopanda kwa pembe tatu mpaka kwenye mgongo wa paa, ulikuwa mrefu kuliko ulivyohitaji kuwa. Aliurefusha kwa fahari tu, ili uonekane barabarani. Tetemeko liliuachia ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha ukapanda juu. Akauchora alama zake. Akatuambia tusogeze vitanda vya upande ule viwe mbali na ukuta, tukasogeza, wasichana wakalala wamebanana katikati ya chumba. Wiki chache baadaye akarudi, akatazama. Ufa ulikuwa umevuka alama. Akachora nyingine juu yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu anatembea. Sehemu ya juu yote ishushwe, tuweke mbao, na kuta zifungwe kwa boriti." Nikamwambia, basi waambie wazee wa shule. Akasema atawaambia. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akanikumbusha, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kukumbushwa.

Wazee wa shule walikuwa wakiandaa sherehe. Mgeni mkubwa wa serikali alikuwa aje kuitazama shule, na ilisemekana kila mahali kwamba siku hiyo atatangazwa msimamizi mpya wa majengo yote ya wilaya, Mwafrika wa kwanza kukishika cheo hicho. Hakuna aliyekuwa na shaka atakuwa nani. Naye fundi, siku ya kikao, alipoulizwa habari ya bweni, alituongoza bwenini akaligonga mbele yetu sote, ameinamisha sikio, amefumba jicho moja, akasema, "Ukuta mzima." Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamfuata nje. Nikamwuliza, ule ufa je? Akacheka, akaniambia nilivyolowa maji akili zimeoza, kwamba ule ufa ameutazama tena, umesimama, na ukuta ule una nguvu kuliko wa kanisa. Ndugu zangu, mtu aliyekufundisha kuogopa ndiye pekee anayeweza kukutuliza. Nikatulia.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo wageni wa upande huu hawalijui. Kwetu nyumba haipokei sherehe mpaka ikandikwe upya. Iwe mwari anatoka, iwe harusi, iwe askofu anakuja, wanawake watachota udongo, watachimba ule mweupe wa kumalizia, na kila ufa utafunikwa. Ufa mbele ya mgeni ni kama kumkaribisha mtu ukiwa na nguo iliyochanika. Basi mama za wasichana walikuja kulikandika bweni, na kama desturi ilivyo, kila mama alikandika mahali anapolala mwanawe, huku akiimba na kumwombea. Vitanda vilikuwa vimerudishwa ukutani, fundi akiwa amekubali, kwa kuwa mgeni hawezi kuonyeshwa chumba kilichorundikana. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alisoma palepale, na kitanda chake kilikuwa cha upande wa ule ukuta wa mwisho. Kwa hiyo ukuta ule ulimwangukia mama yangu kuukandika. Alipanda ngazi na udongo wake. Alipofika kwenye zile alama za makaa akasita. Hajui kusoma, lakini alama ya mtu anaiheshimu. Fundi alikuwa chini, akipita na wazee. "Fundi," mama akamwita, "na hizi alama zako je?" Mimi nilikuwepo, nimeshika ndoo. Fundi akainua uso, akamjibu kwa upole sana, "Kandika tu, Mama Mwalimu. Nimeshaupima." Mama akakandika. Mkono wake ni laini kwa udongo kuliko wa mwanamke yeyote Lisekese, na alipomaliza usingeweza kujua kama pale pamewahi kuwa na ufa.

Sherehe ilifana. Ngoma zilichezwa, mgeni alisifu weupe wa kuta, fundi akapewa cheo chake, tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, fundi alikuja bwenini na baiskeli. Alikuwa na binti yake pale, rika la mdogo wangu, vitanda vyao vilifuatana. Akaniambia bibi yake binti anaumwa Makote na anamtaka. Nikampa pole. Wakafunga vitu nyuma ya baiskeli, naye binti hakuniaga vizuri, alikuwa akitazama chini. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba alichukua sanduku lake lote, na mkeka, na hata kikombe. Mtoto anayekwenda kumtazama bibi mgonjwa kwa siku mbili tatu, kikombe cha nini?

Jumatano iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, wasichana wakiwa wamejilaza, ardhi ilitikisika tena. Ilikuwa kidogo tu, hata robo ya ile ya kwanza haikufika. Lisekese kuna watu ambao hawakuisikia kabisa. Reli iligongwa, wasichana wakatoka kama walivyofundishwa, na nilianza kuwahesabu huku nikicheka kwa wasiwasi, maana tuliona nyumba zote zimesimama. Ndipo ule ukuta ukaja. Haukuja kwa kishindo nilichokitarajia. Ulitoka juu, pole pole, ukainama kwa ndani, na mabati yakaufuata. Mdogo wangu ndiye pekee aliyekuwa bado ndani. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho, mbali na mlango kuliko vyote. Tulimtoa, tukamlaza chini ya kivuli cha jiko, akaniuliza kama viatu vyake vya sherehe vimepona. Nikamwambia vimepona. Hakufika jioni.

Kifo tungekibeba. Tumebeba vingi. Kitu ambacho sijaweza kukibeba ni baraza lililofuata. Wazee walikaa, mtu wa serikali akakaa, fundi akaitwa aeleze. Akavua kofia. Akasema kwa masikitiko makubwa, na machozi yalimtoka kweli, siwezi kumsingizia, kwamba yeye aliupima ukuta ukiwa mzima. Kwamba kama ufa ulitokea baadaye, asingeweza kuuona. "Wanawake walikuwa wamekandika," akasema. "Ufa ulifunikwa." Hakumtaja mama yangu. Hakuhitaji. Kila mtu pale alijua ni mkono wa nani uliokandika ukuta ule. Nilisimama nikasema alama alizichora yeye, na alipoulizwa na mama alisema nini. Nikasema na habari ya binti yake. Wakanisikiliza kwa huruma ambayo hupewa mfiwa anayeropoka. Mzee mmoja akanishika bega akanikalisha. Mama alikuwa akiitazama mikono yake, ameilaza magotini viganja juu.

Tangu siku hiyo mama hajakandika nyumba. Wasomaji wangu wa kike mtanielewa maana yake. Nyumba yake Lisekese imeliwa na mvua mwaka hadi mwaka, udongo umepukutika, fito ziko nje kama mbavu za punda. Nimejitolea kuikandika mwenyewe, amekataa. Nimeleta watu, amewafukuza. "Mikono ya nyumba hii imekwisha fanya kazi yake," husema. Na watu, kwa kuwa watu ni watu, waliacha kumwalika kukandika kwenye sherehe. Hakuna aliyemtukana. Walisema tu kwamba mama fulani amezeeka, apumzike. Alikuwa hajaota hata mvi moja.

Mimi na fundi tulionana tena mara moja tu tukaongea. Ilikuwa Newala, sokoni, yeye sasa mkubwa, ana koti na wasaidizi. Bibi yake binti, yule mgonjwa, nilikuwa nimemwona asubuhi hiyohiyo akiuza tumbaku ya kunusa, mzima kama jiwe. Nikamwuliza fundi neno moja: ulijua? Hakukana. Kwa hilo namshukuru, maana tangu siku ile nimejua sina wazimu. Akanivuta pembeni akasema, "Mwalimu, ningesema bweni bovu, lingefungwa siku ileile. Wasichana wote wangerudi makwao, na wewe unajua wangerudi kwenye nini. Nusu yao wangeolewa kabla ya mavuno. Nilidhani utasimama mpaka kiangazi kingine, nije niushushe kimya kimya, nikiwa na cheo, nikiwa na uwezo." Nikamwambia, na binti yako je, huyo hukumwachia ukuta mpaka kiangazi? Akatazama chini kama binti yake alivyotazama. "Mtoto wangu ni wangu," akasema. "Wale wengine niliwakabidhi kwa Mungu." Nikamwacha pale na wasaidizi wake. Tukapishana miaka yote iliyobaki bila kutukanana, na kati ya watani hakuna salamu mbaya kuliko hiyo.

Tena nasema kweli, alikuwa fundi mzuri zaidi baada ya hapo. Alipopata cheo alizunguka wilaya nzima akashusha kuta ndefu, akafunga boriti, akatundika reli kila shule. Hakuna aliyejua kwa nini hakuweza tena kupita ukuta wa pembe tatu bila kuuvunja. Mtu akiniambia kwamba wako watoto wanaoishi leo kwa sababu yake, sitabisha. Lakini kazi ile yote aliifanya akiwa amejenga juu ya mgongo wa mama yangu, na wakati wote alikuwa na neno moja la kumtua mzigo, na hakulisema. Siku hizi kila baraza linazungumza habari ya kujitawala. Mimi nautaka uhuru huo kuliko wengi wanaoupigia kelele, maana nimechoka kukandika kwa ajili ya mgeni. Ila nauliza: hao watakaoshika timazi kesho, watagonga ukuta na kutuambia walichokisikia, au watatuambia tunachotaka mgeni asikie? Wahenga walituambia tuzibe ufa. Kuziba ni kazi ya mawe na boriti, ya kubomoa na kujenga upya, na inatia aibu mbele ya watu. Sisi tumejifunza kufunika, kwa kuwa kufunika kuna vigelegele. Ardhi haina habari na sherehe zetu. Itatikisika siku itakayotaka, na itakikuta kila kitu kama kilivyo chini ya udongo mweupe.

Basi tulikwenda Makote. Nilidhani mama atakataa. Nilimkuta Lisekese amesimama kando ya barabara na debe la maji, akingoja lori. Sisi wa bondeni hatupandi kule mikono mitupu, hasa msibani, kwa kuwa maiti huoshwa kwa maji na maji kule ni ya taabu. Nikamwuliza, mama, unampelekea maji yule? Akanijibu, "Maiti hanyimwi maji." Tukapanda mteremko wote ameshikilia debe lake katikati ya miguu lisimwagike.

Mnajua kazi ya watani msibani. Tunaruhusiwa kumwiga marehemu, kumcheka, kuyasema yale ambayo jamaa zake hawawezi. Jamaa hucheka wakilia na huzuni hupungua. Mazishi yalipokwisha wakaniita: mtani, tuonyeshe fundi wetu. Nikainuka. Sikuwa nimekusudia lolote. Nikaazima kofia yake, nikaenda kwenye ukuta wa nyumba yake, nikaugonga kwa kifundo cha kidole, nikainamisha sikio, nikafumba jicho moja. Watu wakaangua kicheko, maana nilimpata kweli. "Ukuta mzima," nikasema kwa sauti yake. "Kandika tu, Mama Mwalimu. Nimeshaupima." Kicheko kikaisha kama moto uliomwagiwa maji. Wengi hawakujua nimesema nini, lakini waliomjua mama yangu walijua. Mzee mmoja akaanza kukohoa ili niketi.

Ndipo akainuka mwanamke mmoja kati ya wafiwa, kitambaa cheusi kichwani, mtoto mgongoni. Nilimjua kwa namna anavyotazama chini. Ila safari hii aliinua uso. "Mtani, hujamaliza," akasema. "Mwige na jioni ile." Nikamwambia jioni ile sikuisikia, mimi niliona baiskeli tu. "Basi nitamwiga mimi," akasema. Akageuka, akawatazama watu wote wa Makote na wa Newala na sisi tuliopanda kutoka chini. "Baba alinibeba kwenye baiskeli, na tulipofika njia panda akaniambia: mwanangu, ukuta ule hautauona mwezi mwingine. Usimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Mwenzangu alikuwa amenipa utepe wake wa nywele tuazimane, nikaondoka nao." Akamsogeza mtoto mgongoni, akaendelea. "Mama Mwalimu hakuficha ufa wowote. Baba aliujua kabla yake. Baba leo nimemzika na ninamlilia, lakini hilo sitalizika naye." Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, debe tupu pembeni. Alimtazama binti yule. "Nimesikia, mwanangu," akasema. "Asante. Mpe mtoto anyonye, analia." Basi hivyo tu.

Jumamosi nilikwenda Lisekese kumjulia mama hali, nikamkuta juu ya kigoda, udongo umemfika viwikoni. Amechota mwenyewe, amekanyaga mwenyewe. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa umekwisha, laini kama zamani, na majirani wawili walikuwa wamesimama njiani wakitazama kama watu walioona aliyefufuka. Nikavua viatu nikamsaidia kupitisha ndoo. Kazi ikaenda mpaka tukabakiza mahali pamoja, ndani, juu ya kitanda chake, penye ufa wa urefu wa mkono. Nikamwambia, mama, umesahau huu. "Sijasahau," akasema. Akashuka kwenye kigoda, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha makaa. Akachora mstari mfupi juu ya ufa, na mwingine chini, akarudi nyuma kuutazama, ameinamisha kichwa.

"Ukivuka alama," akaniambia, "usije ukaninong'oneza mimi peke yangu. Anza na majirani."